Jinsi ya Kulinganisha Harufu za Mawaridi ya Bustani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wasomaji wa Nakuru, Njoro, Kisumu na Kakamega huuliza jambo lile lile kila msimu. Mche ulinunuliwa kitaluni kwa sababu ua lake lilinukia vizuri, ukapandwa, ukachanua, na sasa hauna harufu yoyote. Au majirani wawili wana waridi la aina moja na wanabishana: mmoja anaapa linanukia hadi barazani, mwingine anasema ni ua la kutazama tu.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Mmoja alinusa saa tatu asubuhi, mwingine saa nane mchana. Mmoja alinusa ua lililofunguka jana, mwingine tumba. Harufu ya waridi hubadilika kwa saa, kwa umri wa ua, kwa joto na kwa upepo, na pua nayo huchoka upesi kuliko mwenyewe anavyodhani. Ukitaka kujua aina gani inashinda, sawazisha hayo yote kwanza, ili tofauti itakayobaki iwe ya aina yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mawaridi ya bustani. Yale ya kukatwa yanayolimwa Naivasha yalizalishwa kwa ajili ya shina refu, safari ya ndege na kukaa siku nyingi ndani ya maji. Wazalishaji hawakutafuta harufu, na mengi hayana. Usiyafanye kipimo cha waridi lako.

## Vifaa vya kuandaa

- Mkasi mkali wa kupogolea na glavu za kukinga miiba.
- Chupa za kioo zenye kifuniko, kama za jemu, zote za ukubwa mmoja. Usitumie vikopo vya plastiki, kwa kuwa plastiki hushika harufu ya kilichokaa humo zamani.
- Sabuni isiyo na marashi ya kuoshea chupa hizo, na mahali pa kuzianika juani.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu.
- Daftari, penseli na karatasi ya gundi ya kuandikia namba.
- Kitambaa cha kufungia macho.
- Maji safi ya kunywa.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Bila yeye, Hatua ya 7 haiwezekani.
- Vitu vichache vya jikoni vya kufundishia pua, ambavyo nitavitaja katika Hatua ya 3.

Osha chupa kwa maji ya moto, suuza mara mbili, anika, kisha nusa kila moja ikiwa tupu. Ukipata harufu yoyote, hata ya jemu ya mwaka jana, itoe kwenye kundi.

## Hatua ya 1: Pogoa vichaka vyote siku moja

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla hawajaianza. Kichaka kimoja kimejaa maua, cha pili kina tumba mbili, cha tatu kimemaliza kuchanua wiki iliyopita, na mtu anavilinganisha hivyo hivyo.

Sisi wa ukanda wa Ikweta hatuna majira ya baridi kali yanayolazimisha mawaridi yote kulala na kuamka pamoja. Kwetu mkasi ndio unaopanga ratiba. Ukipogoa leo, maua mapya huja baada ya wiki sita hadi tisa hivi. Kwenye joto la Kisumu huwahi. Kwenye baridi ya Molo huchelewa. Aina nazo hutofautiana kwa siku kadhaa, lakini ukipogoa vyote siku moja utapata angalau wiki moja ambayo vyote vina maua.

Katika muda huo wa kungoja, mwagilia vichaka sawasawa na uvipe mbolea sawasawa. Kichaka chenye kiu hutoa maua madogo na harufu hafifu, na si haki kukilinganisha na kilichonyweshwa.

Onyo: angalia chini ya kiungio, pale aina yako ilipounganishwa na shina la mizizi. Tawi lililochipuka chini ya hapo si waridi ulilonunua. Ni la mti wa mizizi. Lina majani tofauti na maua tofauti. Ling'oe kabisa. Nimeona bustani ambamo waridi lililonunuliwa lilikufa kimyakimya, mti wa mizizi ukachukua nafasi, na wenyewe wakabaki wakilalamika kwamba waridi lao limepoteza harufu.

## Hatua ya 2: Vipe vichaka namba, si majina

Miche mingi inayouzwa kando ya barabara zetu haina jina. Ni "ile nyekundu" au "ile ya njano yenye ncha za rangi ya waridi". Hilo lisikusumbue. Andikia kila kichaka namba ya tarakimu tatu isiyo na mpangilio, kama 417, 286 au 953. Herufi A, B na C humfanya mtu aamini kwamba A ndiyo bora, na 1, 2, 3 vivyo hivyo.

Kama unajua majina, yaandike nyuma ya daftari na usiyatazame hadi mwisho. Jina hubeba sifa. Mtu akiambiwa ananusa 'Fragrant Cloud', yaani wingu lenye harufu, pua yake huanza kupata harufu kabla ua halijamfikia.

Usizidishe aina tano au sita kwa kikao kimoja. Zaidi ya hapo pua haitoi ushahidi wa kuaminika.

Ikiwezekana, kati ya hizo ziwepo mbili za kukupa ncha mbili za kipimo: moja inayojulikana kwa harufu hafifu na moja inayojulikana kwa harufu kali. 'Iceberg', lile jeupe la mzalishaji Kordes wa Ujerumani la mwaka 1958 linalopandwa karibu kila nchi, linafaa sana upande wa chini. 'Queen Elizabeth' la rangi ya waridi pia. Upande wa juu kuna 'Mister Lincoln', jekundu iliyokolea la mwaka 1964, au 'Double Delight', lenye moyo wa rangi ya krimu na kingo zinazozidi kuwa nyekundu kadiri jua linavyozipiga.

## Hatua ya 3: Ifundishe pua majina ya harufu

Mtu akinusa waridi husema "linanukia vizuri" na maneno yanamwishia hapo. Tatizo ni kwamba huwezi kulinganisha "vizuri" na "vizuri". Unahitaji majina, na karibu yote yanapatikana jikoni mwako na katika duka la viungo.

Weka vitu hivi, kila kimoja ndani ya chupa yake iliyofungwa:

- Maji ya waridi halisi, yale ya kutilia vyakula. Hii ndiyo harufu ya waridi la kale, tamu na nzito. Inatokana hasa na geranioli, sitroneloli na jamaa zake, vitu vile vile vinavyotawala mafuta ya waridi la Damaski. 'Mister Lincoln', 'Papa Meilland' na 'Gertrude Jekyll' wapo katika ukoo huu.
- Majani makavu ya chai kutoka pakiti iliyofunguliwa sasa hivi. Mawaridi mengi ya njano yana harufu hii: kavu, safi, yenye ubichi kidogo. Yaliirithi kutoka kwa mababu zao wa China. 'Graham Thomas' ni mfano mzuri. Mtu aliyepita Kericho asubuhi majani yakichumwa yuko nusu ya njia tayari.
- Ganda la ndimu lililokwaruzwa muda huo huo, na kipande cha pera bivu. Hivi ni vya ukoo wa matunda. 'Lady Emma Hamilton' la rangi ya machungwa linakaa hapa.
- Karafuu mbili au tatu. Harufu ya viungo, inayopatikana katika 'Double Delight' na mara nyingi katika stameni, zile nyuzi zenye chavua katikati ya ua, za mawaridi mengi.
- Mbegu za shamari, zile zinazotafunwa baada ya chakula katika mikahawa ya Kihindi. Wataalamu huita ukoo huu manemane, ila kwa pua zetu shamari iko karibu zaidi na kile kinachopatikana uani. 'Constance Spry' la mwaka 1961 ndilo lililoleta harufu hii katika mawaridi ya mzalishaji David Austin wa Uingereza.
- Nyasi mbichi zilizosagwa kwa vidole, kwa ile harufu ya ubichi ambayo karibu kila tumba changa huwa nayo.

Kuna pia miski, ambayo haina kitu kamili jikoni. Utaitambua kwa tabia yake: hutoka zaidi kwenye stameni kuliko kwenye petali, nayo hupenda kuelea hewani. Waridi la kutambaa lenye maua madogo madogo ambalo hunukia ukipita karibu, lakini ukiliingiza puani halizidi sana, mara nyingi ni la miski.

Fungua chupa moja, nusa kidogo, funga, pumzika dakika moja, kisha fungua nyingine. Usizifungue zote kwa pamoja mezani. Fanya hivi siku mbili tatu kabla ya mashindano yenyewe.

Utajuaje umefaulu? Msaidizi akufunge macho na akupe chupa bila mpangilio. Ukizitaja zote bila kukosea, pua yako iko tayari.

## Hatua ya 4: Chagua saa na hali ya hewa

Saa nzuri kwetu ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka lakini jua halijawa kali. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo kanuni hii haibadiliki sana kutoka Januari hadi Desemba.

Watu huniuliza mbona wachumaji wa waridi la mafuta huko Bulgaria huanza kazi alfajiri. Wao wanataka mafuta yabaki ndani ya petali hadi yafike mtamboni. Wewe unataka kinyume: unanusa kile kinachotoka kwenye petali na kuruka hewani, na ili kiruke kinahitaji joto kidogo. Alfajiri yenye baridi ua limejaa harufu lakini halitoi. Mchana wa jua kali limetoa sana na hewa imeibeba. Asubuhi ya vuguvugu ndiyo inayokupa haki.

Sasa sehemu na sehemu. Njoro na Molo kukiwa na baridi, subiri hadi saa nne. Kisumu anza mapema, saa moja na nusu, kwa sababu joto huja haraka na baadaye upepo wa ziwa huanza kuvuma. Kakamega na Vihiga mvua hupenda kuja alasiri, kwa hiyo asubuhi ndiyo yako. Nakuru mjini adui mkubwa ni upepo na vumbi la kiangazi. Ukiona majani ya mti yanatikisika mfululizo, ahirisha.

Usinuse siku ya mvua wala saa chache baada ya mvua kubwa. Matone huosha ua na petali zilizolowa hunukia maji.

## Hatua ya 5: Tayarisha pua, mikono na mavazi

Siku hiyo usijipake marashi, mafuta ya nywele yenye harufu wala losheni. Oga kwa sabuni isiyo na manukato au maji matupu. Usipike kitunguu, omena wala samaki kabla ya kazi. Mikono hushika harufu hizo kwa saa nyingi, na utakuwa unaileta karibu na pua kila unaposhika ua. Chai na kahawa ziwe nusu saa au zaidi kabla. Mwenye mafua, hata kidogo, aahirishe bila mjadala.

Kuhusu ile desturi ya kunusa buni za kahawa kati ya ua na ua, iache. Kahawa haisafishi pua kuliko hewa safi inavyosafisha, na inaongeza harufu nyingine kali ya kuchoshwa nayo. Njia bora ni kunusa ngozi yako mwenyewe, ndani ya kiwiko au kwenye mkono wa shati safi. Pua yako imeshaizoea harufu hiyo, kwa hiyo hapo hupumzika kweli.

## Hatua ya 6: Nusa kichakani

Chagua maua ya umri mmoja. Hili ni zito kuliko yote katika mwongozo huu, na ningependa ulisome mara mbili.

Tumba lililofunga halina mengi ya kusema. Ua zee, ambalo stameni zake zimegeuka kahawia na petali zinaanguka ukilitikisa, limeshamaliza. Lililobaki huwa chachu au harufu ya karatasi. Unalotaka ni lile lililofunguka nusu hadi robo tatu, petali za nje zimelala, za ndani bado zimesimama, na stameni, kama zinaonekana, zikiwa za njano mbichi. Kila kichaka kitoe maua matatu ya namna hiyo, kwa kuwa hata maua ya tawi moja hutofautiana.

Usiguse petali kwa vidole. Shika shina.

Kwanza, simama mita tatu upande ule upepo unakoelekea. Tulia, pumua kawaida. Unapata kitu? Andika. Mawaridi mengi hayatafika hapa, na si aibu yao.

Pili, dhiraa moja. Nyoosha mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Huo ndio umbali kati ya pua na ua.

Tatu, shubiri: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, kiganja kikiwa kimetanuliwa.

Nne, pua ndani. Vuta hewa kwa mikupuo miwili au mitatu mifupi, kisha toka. Usivute pumzi ndefu moja ukaishikilia, kwa kuwa inazijaza pua na ua linalofuata linaonewa. Pumulia pembeni, si ndani ya ua.

Kabla ya kuingiza pua, chungulia. Nyuki hupenda kujibanza katikati ya petali asubuhi. Na kama bustani imepuliziwa dawa ya wadudu au ya ukungu, usinuse kabisa hadi muda ulioandikwa kwenye lebo uishe. Kwa ua utakaloliingiza puani ongeza siku kadhaa juu ya huo. Mwenye pumu afanye hatua ya chupa tu, kwa tahadhari, au amwachie mwingine.

Toa alama kutoka 0 hadi 5 kwa kila umbali: 0 hakuna, 1 nahisi ipo lakini sina hakika, 2 ipo, hafifu, 3 wazi, 4 kali, 5 inajaza pua hadi sisikii kingine. Andika pia aina ya harufu kwa majina ya Hatua ya 3, ukianza na ile iliyokuja kwanza. Andika papo hapo, kwa kuwa ukifika ua la tatu utakuwa umeshasahau la kwanza.

Ukurasa mzuri wa daftari unafanana na huu:

*417. Saa mbili na nusu, mawingu mepesi, upepo hakuna. Ua nusu wazi, stameni hazionekani. Mita tatu 0. Dhiraa 1. Shubiri 3. Pua ndani 4. Kwanza chai kavu, kisha ganda la ndimu. Nikarudi baada ya robo saa: chai imebaki, ndimu imeondoka.*

Angalia sentensi ile ya mwisho. Kurudi baada ya robo saa ni jambo ambalo karibu kila mtu huliacha, na ndilo linalofichua mawaridi yanayokupokea kwa kishindo kisha yananyamaza.

Pumzika dakika mbili kati ya kichaka na kichaka. Ukimaliza vyote, rudi kwenye cha kwanza. Kama alama yake imeshuka kwa mbili au zaidi, pua ilikuwa imechoka na kikao hicho hakihesabiki.

## Hatua ya 7: Jaribio la chupa na macho yaliyofungwa

Kichakani unaona rangi, na rangi hudanganya. Waridi jekundu iliyokolea hupewa alama za bure na jeupe hunyimwa. Hatua hii inaondoa macho.

Kwanza amua unauliza swali gani. Kama unataka ua la kupamba kibaraza, weka ua zima moja katika kila chupa. Kama unataka petali za maji ya waridi au za kukausha, pima gramu 5 za petali kwa kila aina. Vinginevyo ua lenye petali themanini litamshinda lenye ishirini na tano kwa wingi tu.

Kata maua yote ndani ya dakika chache, yakiwa makavu. Yatie chupani, funga, uyaweke kivulini ndani ya chumba kimoja kwa dakika kumi ili yawe na joto moja. Msaidizi abandike namba mpya zisizofanana na zile za bustanini, azihifadhi mwenyewe, na akufunge macho. Nusa mara mbili fupi, funga chupa, sema alama na aina ya harufu, yeye aandike. Asiseme neno. Hata "mmh" yake itakuelekeza.

Sasa ndiyo inakuja sehemu ninayoiamini kuliko zote: jaribio la chupa tatu. Chukua aina mbili ambazo zimekaribiana na huna hakika ipi bora, wala kama kweli zinatofautiana. Msaidizi atayarishe chupa tatu, mbili zikiwa na aina moja na ya tatu ikiwa na nyingine. Kazi yako ni kutaja iliyo peke yake.

Ukibahatisha tu, utapata mara moja kwa kila tatu. Kwa hiyo jibu moja sahihi halithibitishi kitu. Rudia mara tatu kwa mpangilio uliobadilishwa. Kupata zote tatu kwa kubahatisha ni nafasi moja kati ya 27. Ukizipata zote, tofauti ipo kweli. Ukikosa mara mbili, basi kwa pua yako aina hizo mbili ni sawa, na chagua kwa rangi, kwa uzima wa majani au kwa bei bila kujuta.

Onyo: petali zikikaa chupani zaidi ya saa moja huanza kutoa jasho na harufu ya majani yaliyovunda. Badilisha.

Ukiwa na muda wa ziada, tenganisha ua moja: petali chupa hii, stameni chupa ile. Hapo ndipo utakapoelewa karafuu ya ua lako ilikuwa inatoka wapi.

## Hatua ya 8: Rudia, geuza mpangilio, ita pua nyingine

Kikao kimoja hakitoshi. Fanya angalau vitatu, siku tofauti, na kila siku anza na kichaka kingine. Ua la kwanza hupendelewa kila mara kwa sababu pua ni mbichi. Ukigeuza mpangilio, upendeleo huo unagawanywa kwa wote.

Ita na watu wengine wawili au watatu, na kila mmoja aandike peke yake kabla ya mazungumzo. Mzee akitamka kwanza, vijana watamfuata kwa heshima na umepoteza pua zao. Waache watoto washiriki pia. Wengi wana pua kali na hawana cha kumpendeza mtu.

Utashangaa mtu mmoja akitoa 4 na mwingine 1 kwa ua lile lile. Hilo si uzembe. Ndani ya harufu ya mawaridi mengi kuna kitu kiitwacho beta-iononi, na baadhi ya watu huzaliwa na pua isiyoipata vizuri, kwa tofauti ya jeni moja. Harufu ya manemane nayo hugawanya watu: wengine wanaipenda kupita zote, wengine inawakera kama dawa. Kwa hiyo usitafute wastani wa watu hao na kuuita ukweli. Waridi litapandwa karibu na dirisha la nani? Pua ya huyo ndiyo yenye kura nzito.

## Kusoma matokeo

Usijumlishe alama zote kuwa namba moja. Zisome katika safu tatu.

Safu ya umbali: waridi lenye 2 au 3 kwenye dhiraa linafaa kando ya mlango au njia, ambako watu hupita bila kuinama. Lenye 0 kwenye dhiraa na 5 pua ndani ni la kukatwa na kuwekwa mezani.

Safu ya kudumu: alama ya robo saa baadaye. Mimi naipa safu hii uzito kuliko nguvu ya kwanza, kwa kuwa ua huishi nawe siku kadhaa, si sekunde tatu.

Safu ya uthabiti: angalia vikao vyote vitatu. Waridi lililopata 4, 4, 3 ni bora kuliko lililopata 5, 1, 4, hata kama la pili ndilo lililokuachia kumbukumbu tamu zaidi. Lile la pili linategemea hali ya hewa, na hali ya hewa hutaichagua.

## Kununua mche kwa kutumia njia hii

Nenda kitaluni asubuhi. Saa saba mchana, kando ya lami, katikati ya vumbi na moshi wa malori, hakuna waridi litakalojitetea. Nunua mche wenye ua lililofunguka nusu, uwe umelinusa mwenyewe. Picha iliyobandikwa kwenye mche haina harufu. Kama mwenye kitalu ana mche mama, omba kuuona na kuunusa huo, maana mche mdogo unaotoa maua yake ya kwanza mara nyingi hunukia kidogo kuliko utakavyonukia ukikomaa. Usiuhukumu kabla ya mizunguko miwili au mitatu ya kuchanua.

Ukipenda aina mbili na fedha inatosha mmoja, omba maua mawili ya kila aina, weka kila ua kwenye chupa yake, na urudi nyumbani ukafanye jaribio la chupa tatu na msaidizi wako. Wenye vitalu wengi hawakatai wakiona uko makini.

## Mambo yanayokwamisha wengi

"Sipati harufu kwenye waridi lolote." Nusa karafuu. Ukiipata vizuri, tatizo ni saa au umri wa maua. Rudi Hatua ya 4 na ya 6. Usipoipata, na huna mafua, na hali imeendelea kwa wiki kadhaa, mwone daktari.

"Yote yananukia sawa." Unanusa mengi mno kwa haraka. Punguza hadi aina tatu, ongeza mapumziko yawe dakika tano.

"Lilinukia Januari, Julai halinukii." Baridi na mawingu ya Julai hupunguza harufu inayoruka hewani. Kata ua, liweke ndani ya nyumba penye vuguvugu kwa nusu saa, kisha nusa tena. Likirudi, kichaka ni kizima. Lisiporudi, chimbua kidogo uangalie mizizi, na utazame tena kile kiungio cha Hatua ya 1.

"Nimehamisha kichaka kutoka kwa mama kule Bahati, Nakuru, hadi kwangu Kisumu na kimebadilika." Umekishusha kutoka nyanda za juu hadi karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwenye joto hilo maua hufunguka haraka na kuisha haraka, kwa hiyo saa yake nzuri imesogea mbele na imekuwa fupi. Kinuse saa moja na nusu asubuhi, siku ile ile ua linapofunguka, na ukipe kivuli cha alasiri kabla ya kukikatia tamaa.